Blanketi la Nane

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, wala haiko mbali. Jina lake silitaji. Nikilitaja, wenyewe watasema nimewasingizia. Nisipolitaja, kila msomaji atasema ni kwao, na hapo angalau lawama zitagawanyika. Niliingia kwa miguu mwezi wa joto kali, nikatoka baada ya miezi minane, na kwa muda wote huo sikumsikia kiongozi hata mmoja akisema pana joto. Nami sikusema. Mgeni hamwambii mwenyeji kwamba mchuzi wake hauna chumvi.

Jambo la kwanza utakaloliona ukifika ni mablanketi. Katika nchi ile cheo hakivaliwi kwa nyota begani wala nishani kifuani. Huvaliwa kwa mablanketi ya sufu, mazito, ya rangi ya kahawia. Karani ana moja. Mkuu wa idara ana matatu. Katibu wa wizara matano, Waziri sita, na Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye yuko juu ya wote, saba. Mlinzi wa geti ana nusu blanketi, na hulivaa upande ule wakubwa wanakopitia. Wanasema desturi hiyo ilitoka kwa mababu zao walioishi milimani, kwenye baridi, ambako mwenye blanketi la pili alikuwa mtu mkubwa kwelikweli. Milimani waliteremka miaka mia tatu iliyopita. Mablanketi hayajapata habari.

Kazi niliyopewa ilikuwa kukung'uta mablanketi ya Wizara ya Hewa na Heshima. Asubuhi nayatoa nje, nayapiga kwa ufito, nayaanika jasho likauke, kisha nayarudisha kwa wenyewe kabla hawajaonekana na walio chini yao. Ilikuwa kazi nzuri. Nikipanda ngazi na mablanketi sita begani, makarani wapya waliinuka wakanipigia saluti, nami niliipokea, maana kwa kuikataa ningewachanganya.

Niliuliza kwa nini joto limekatazwa kutajwa. Wakanionyesha bendera. Nje kidogo ya mji mkuu kuna kinu cha umeme wa makaa ya mawe, na bomba lake la moshi, liitwalo Bomba la Ustawi, ni refu kuliko minara yote ya nchi. Limechorwa kwenye bendera, na moshi wake umeshonwa kwa uzi wa fedha. Siku moja mwalimu mmoja alisema darasani kwamba moshi ule una hewa ya ukaa, na kwamba hewa hiyo ikizidi angani dunia hupata joto. Hakufungwa, serikali ile haikuwa na roho mbaya. Alipandishwa cheo akawa mkaguzi wa shule katika kisiwa kisicho na shule. Tangu hapo anayesema pana joto huhesabiwa ameitukana bendera, na Wizara ikafungua Idara ya Majibu ili wasemaji wa aina hiyo wajibiwe kwa upole kabla ya kupandishwa vyeo.

*

Mtunza kipimajoto wa mji mkuu alikuwa mwanamke anayeitwa Bi Kudra Ngwele, wa miaka hamsini hivi, mkimya, mwenye tabia ya kutazama mawingu wakati watu wengine wanatazama nyuso za wakubwa. Kipimajoto alichopewa na serikali kiliishia nyuzi thelathini. Wataalamu waliona hakuna sababu ya kuchora namba ambazo hazitatumika. Ikifika saa nne asubuhi zebaki iligonga kichwa kwenye thelathini, ikakaa hapo kwa utii mpaka jioni.

Lakini Bi Kudra alikuwa na kipimajoto kingine, cha mtangulizi wake, kilichofika hamsini. Alikitunza ndani ya soksi. Kwa hicho alipima kweli, mara tatu kwa siku, akaandika kwenye daftari lenye jalada jeusi. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuandika, na nyuma yake mtangulizi alikuwa na thelathini na mitano. Ukifunua daftari hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, uliona namba zikipanda taratibu kama mtu anayepanda kilima akiwa na mzigo: hatua mbili mbele, moja nyuma, lakini anapanda.

Shida yake haikuwa dunia. Ilikuwa baba yake.

Mzee Ngwele alipiga kengele ya stesheni ya treni miaka arobaini na mmoja na hakuchelewesha treni hata moja. Zilizochelewa zilichelewa zenyewe. Wafagiaji aliowafundisha kushika ufagio walishavikwa mawili mawili. Yeye faili lake lilipotea. Mwaka ule likaonekana chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na Wizara kwa kuona haya ikaamua kumvika matano kwa mpigo, Siku ya Kuvikwa.

Siku hiyo ina taratibu zake. Hufanyika saa sita mchana katika uwanja wa wazi, kwa sababu jua likiwa utosini hakuna kivuli cha raia kinachoweza kumwangukia Mtukufu. Anayevikwa husimama wima bila kujipangusa jasho mpaka wimbo wa taifa uishe, na wimbo una beti kumi na nne. Mwaka uliotangulia walivikwa watu ishirini. Saba walianguka, watatu hawakuamka. Redio ilisema wamezidiwa na heshima.

Mzee Ngwele alikuwa na miaka sabini na minane na moyo ambao mganga wa zahanati aliusikiliza mara mbili, akatoa mirija masikioni, akamwambia akae kivulini. Mzee alirudi nyumbani akaanza mazoezi. Nilimkuta uani nilipopeleka barua ya Wizara: amejitwika magunia mawili ya katani na godoro, amesimama kama mlingoti, mbuzi wanamshangaa. Bi Kudra alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, mkononi kikombe cha maji ambacho baba hakutaka kukiona.

"Baba, juzi ulianguka na magunia haya haya."

"Magunia hayana heshima," akasema Mzee, "ndiyo maana hayakunishika."

"Utakufa uwanjani."

"Nitakufa nimevikwa. Wewe unataka nife na fulana?"

Bi Kudra alinigeukia mimi, mtu wa mablanketi, akaniuliza kama ni kweli Kanuni ya Kumi na Tisa haijafutwa. Nikamwambia sijasoma kanuni, lakini kwenye korido ya Wizara bado imebandikwa, nyuma ya kabati. Ilikuwa kanuni ya zamani, iliyoandikwa na watu waliokuwa bado wanatoka nje. Ilisema kwamba kipimajoto kikipita nyuzi thelathini na nne siku tatu mfululizo kabla ya Siku ya Kuvikwa, sherehe ifanyike alfajiri. Kwa kipimajoto cha serikali jambo hilo haliwezi kutokea hata dunia iungue. Kwa kile cha kwenye soksi lilikuwa limeshatokea: thelathini na saba, thelathini na saba na nusu, thelathini na nane.

Ilibakia siku moja. Alichohitaji ni saini ya Waziri kukikubali kipimajoto cha soksi. Akavaa viatu.

*

Nilikuwa na mablanketi sita ya Waziri ya kurudisha, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Nayasema niliyoyaona.

Getini mlinzi alimwuliza anakwenda kusema nini. Akamwambia. Mlinzi akarekebisha nusu blanketi lake na kusema kwamba joto ni maneno tu, kwani mwezi wa saba kuna asubuhi moja alitetemeka mpaka akamwaga chai. Bi Kudra akamwuliza: mtu mmoja akicheka msibani, ndiyo tuseme marehemu amefufuka? Mlinzi alifikiri kwa muda mrefu. Akasema msiba wa namna hiyo aliwahi kuuhudhuria, na marehemu alizikwa. Akafungua geti.

Idara ya Majibu ilijaza ghorofa nne. Katika kila chumba kulikuwa na ubao wenye majibu tisa yaliyopakwa rangi, na fimbo. Maofisa hawakutakiwa kuyaelewa, walitakiwa kuyafikia kwa fimbo. Jibu likimshinda mgeni anarudi kwake. Lisipomshinda anapandishwa ghorofa ya juu akapate jibu lenye mablanketi mengi zaidi.

Karani wa ghorofa ya kwanza alinyoosha fimbo kwenye Jibu la Pili: hewa hiyo ya ukaa ni chembe nne tu katika kila chembe elfu kumi za hewa, na kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kitu. Kusema kweli mimi lilinishinda palepale. Bi Kudra akaniuliza kama nina bluu ya kufulia. Mfukoni sikosi. Akaomba ndoo ya maji ya kudekia, ile ambayo haijatumiwa, akachovya ncha ya kidole kwenye bluu, akakitikisa ndani ya ndoo. Maji yakageuka.

"Nimetia kiasi gani?" akamwuliza karani.

"Hata sijaona."

"Na sasa unaona chini ya ndoo?"

Karani akainama. Bi Kudra akamweleza kwamba karibu hewa yote iliyobaki ni kama maji meupe, mng'ao wa joto unaotoka ardhini unaipita tu. Zile chembe chache ndizo bluu. Zilikuwa hazifiki tatu katika elfu kumi, enzi za mababu. Sasa zimepita nne. Karani alitaka kujua kama maji yale bado yanafaa kudekia. Akaambiwa yanafaa, akaturuhusu kupanda.

Ghorofa ya pili tulikuta mtu mwenye mablanketi mawili na Jibu la Tatu: kinachozidisha joto ni jua lenyewe, na jua halina bomba. Bi Kudra akafungua daftari. Kama ni jua, alisema, mchana ungepanda kuliko usiku, kwa sababu usiku jua halipo kazini. Daftari linaonyesha kinyume: usiku ndio unaokataa kupoa. Na wale wanaorusha mabaluni ya kupimia wanasema hewa ya juu kabisa inapoa, huku ya chini ikipata joto. "Ukikuta ndani ya chumba pana fukuto na juu ya paa pamepoa, usimlaumu jirani aliyewasha moto. Tafuta nani ameziba madirisha."

Yule bwana alitazama madirisha yake, ambayo yalikuwa yamefungwa kwa agizo. Akatuambia tupande upesi.

Wa ghorofa ya tatu alikuwa mkuu wa idara, mwenye mablanketi matatu na macho mekundu. Yeye alipiga ubao kwa nguvu: hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe, kabla hata ya magari na mabomba. Bi Kudra akamkubalia. Kisha akamwomba radhi, akamwuliza kama watu walikuwa wakilewa kabla yeye hajazaliwa. Akasema ndiyo, babu yake alikuwa hodari. "Lakini harufu inayotoka kwako asubuhi hii, Bwana Mkuu, si ya babu." Makarani wakaangalia sakafu. Akaendelea, bila kumcheka, kwamba hewa ya ukaa nayo ina harufu yake: ile iliyotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta ya chini ya ardhi ina alama ambayo ya kuni mbichi haina, na wenye mizani yao wanaitambua. Iliyozidi angani ina alama hiyo. Bwana Mkuu alifunika mdomo kwa blanketi la tatu, akatuonyesha ngazi.

Wa ghorofa ya nne alikuwa na haraka ya kula. Alisema hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, je, anataka mimea ife njaa? Bi Kudra akasema maji nayo ni chakula cha mpunga, amwulize mtu aliyefurikiwa. Bwana yule akasema yeye mwenyewe shamba lake lilifurikiwa mwaka juzi, akaanza kusimulia, na tukamwacha akiwasimulia makarani wake.

*

Ofisi ya Waziri ilikuwa ghorofa ya tano. Mheshimiwa Daktari Pambile alikuwa amekaa bila mablanketi yake, maana nilikuwa nayo mimi, na kwa hiyo hakuwa akipokea mtu. Nilimvika nyuma ya pazia. Lilipopanda la sita akatoka nje ya pazia akiwa Waziri, jasho limeshaanza safari. Pembeni alisimama Katibu wa Wizara, Bwana Tibaza, na matano yake, mtu mwembamba aliyekuwa akikitazama kile kiti cha Waziri kama paka anavyotazama mlango wa jikoni.

Bi Kudra alieleza shida yake: baba, uwanja, Kanuni ya Kumi na Tisa. Alieleza kwa maneno machache. Mheshimiwa alimsikiliza kwa huruma, kisha akahutubia.

Alisema joto ni nini? Joto ni mtazamo. Taifa changa lina mtazamo wake na mataifa makubwa yana mtazamo wao. Alisema amesoma mpaka mwisho wa kusoma na hajawahi kuona hewa ikiwaka. Hewa haina moto; itatoaje joto? Blanketi nalo halina moto. Weka blanketi juu ya jiwe mwaka mzima, uje ulikute jiwe limeiva?

Bi Kudra akasema hapo Mheshimiwa amesema kweli tupu. Hewa ya ukaa haitengenezi joto. Mwanga wa jua unaipita ukishuka, unapiga ardhi, ardhi inapata joto, nayo inalirudisha juu kwa mng'ao usioonekana kwa macho. Mng'ao huo ndio hewa ya ukaa inaoushika, na sehemu yake inairudisha chini. Joto linachelewa kutoka, basi. Na kinachochelewa kutoka huku kingine kinaingia, hujaa. Si kama blanketi moja kwa moja, alisema, maana blanketi kazi yake kubwa ni kuzuia upepo, lakini kwa mtu aliye ndani hesabu ni ile ile. Na wala si hewa mbaya. Bila hewa za aina hiyo kabisa, hapa tungekuwa tumekanyaga barafu. Ubaya ni kuzidisha.

"Kuzidisha," akasema Mheshimiwa, akatabasamu, akaichukua fimbo mwenyewe. Jibu la Tisa lilikuwa la mawaziri peke yao. Lilisema hivi: hewa ya ukaa iliyopo imeshazuia yote inayoweza kuzuia. Mlango ukishafungwa haufungwi mara ya pili. Kwa hiyo kuongeza hakuongezi kitu, na Bomba la Ustawi litoe moshi kwa amani.

Bi Kudra alitazama chini kidogo. Nilidhani limemshinda.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, tabaka la kwanza likishazuia, la pili halina kazi?"

"Halina."

"Na la tano?"

"Mama, nimeshasema. Halina."

"Basi naomba kuelezwa blanketi la sita la Mheshimiwa linaongeza nini juu ya la tano."

Bwana Tibaza, mwenye matano, akakohoa kwa adabu na kusema kwamba yeye angependa swali hilo lirudiwe taratibu, liingie kwenye kumbukumbu.

Mheshimiwa aliona shimo, na aliliona akiwa ameshaingiza mguu. Akisema la sita haliongezi kitu, Tibaza ni mwenzake. Na kesho Mtukufu Mlezi anavikwa la nane: nani atakayesimama uwanjani kumwambia Mtukufu kwamba la nane ni bure? Akisema linaongeza, basi tabaka huongeza, na bendera imetukanwa na Waziri. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba suala hilo ni la kitaalamu.

"Tupime," akasema Bi Kudra, akatoa soksi.

Alipenyeza kipimajoto kati ya shati na blanketi la kwanza la Mheshimiwa. Na sita: thelathini na nane na nusu. Nikaagizwa kulitoa la sita. Tukangoja. Thelathini na nane na kidogo. Sasa katika nchi ile sheria ni nyepesi kuelewa: cheo chako ni mablanketi yaliyo mwilini mwako kwa wakati ule. Nilipolitoa la sita Bwana Tibaza aliacha kusema Mheshimiwa, akasema mwenzangu. Nilipolitoa la tano na la nne, makarani waliokuwa mlangoni wakamwita Bwana Mkuu wa Idara. Zebaki inashuka. Likabaki moja, na Bwana Tibaza akamwagiza alete chai. Nilipolitoa la mwisho, tarishi aliyeingia na barua alimtazama, akamwambia, "Mzee, wageni wanasubiri nje," akamshika kiwiko.

Lakini Pambile hakusikia. Alikuwa amesimama na shati lake lililolowa, mikono imeachana na mwili, macho amefumba. Mtu mmoja alikuwa amefungua dirisha, nadhani ni mimi. Upepo ulimpita kwapani. Sijawahi kuona Waziri mwenye furaha kiasi kile, wala sijui kama bado alikuwa Waziri.

Bi Kudra alisoma namba zote kwa sauti. La kwanza linaongeza sana, alisema, na kila linalofuata linaongeza kidogo kuliko lililotangulia. Lakini hakuna lisiloongeza. Joto linapita kutoka blanketi hadi blanketi na linatokea lile la nje kabisa. Ukiongeza jingine umeusogeza mlango mbali. Angani ni hivyo hivyo: joto linatokea juu, kwenye hewa nyembamba yenye baridi, na kila tukiongeza ukaa tunalisukuma likatokee juu zaidi, kwenye baridi zaidi, ambako linatoka kwa uchovu. Huku chini sisi tunaiva.

Bwana Tibaza alikuwa ameshakalia nusu ya kiti cha Waziri. Pambile akafumbua macho, akakiona, akanifokea nimvike upesi. Nikamvika yote sita, na kwa kila moja akawa anarudia ukubwa wake na jasho lake. Akaketi. Akatazama saa ya ukutani, akatazama uwanja uliokuwa unaonekana dirishani, mweupe kwa jua. Kesho saa sita naye angesimama pale na sita haya, beti kumi na nne. Nilimwona akizihesabu kwa vidole.

"Baba yako ana miaka mingapi?" akauliza.

"Sabini na minane."

Akachukua kalamu. Akamwambia tarishi aandike tangazo, kisha akasema mwenyewe ataliandika. Liliposomwa redioni jioni ile, lilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina wa kitaalamu, Serikali inatarajia kesho mchana baridi kali isiyo ya kawaida, na kwa kujali afya ya Mtukufu Mlezi, Siku ya Kuvikwa itafanyika alfajiri.

*

Alfajiri ile kipimajoto cha soksi kilisema ishirini na saba. Si ubaridi, lakini mtu anaweza kusimama nao. Mtukufu Mlezi alivikwa la nane akawa kama gunia la pamba lenye macho. Mzee Ngwele alivikwa yake matano moja baada ya jingine, na kwa kila moja alinyoosha shingo kidogo. Alisimama beti zote kumi na nne. Kwenye ubeti wa kumi na moja aliyumba, nikamwona Bi Kudra akisogea hatua mbili nje ya mstari wa watazamaji, askari akamrudisha. Mzee hakuanguka. Hakuna aliyeanguka. Redio ilisema ni kwa sababu ya maandalizi mazuri. Bi Kudra mwenyewe alipewa nusu blanketi kwa kuitabiri baridi, akalipokea kwa mikono miwili, akalikunja.

Tatizo lilikuja mchana. Serikali ilishasema kutakuwa na baridi, na baridi ikashindwa kufika. Kufika saa sita askari walipita mitaani kuona kama wananchi wanatetemeka. Wengi walitetemeka vizuri. Wauza kahawa waliacha vibanda wakaota moto usiokuwepo. Niliwaona askari wawili, jasho linawatiririka mpaka kwenye mikanda, meno yanagongana kwa amri, wakimwonya mama mmoja aliyekuwa akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Nilipofika kwa Mzee Ngwele kuchukua mablanketi nikayakung'ute, nilimkuta chini ya paa la uani, amevaa fulana. Mablanketi matano ameyakunja vizuri, ameyakalia. Askari walipopita nje ya ua alijikumbatia akatetemeka kidogo, wakaridhika, wakaenda. Bi Kudra alikuwa kwenye kigoda na daftari lake, soksi mapajani. Mzee alikunywa maji kikombe kizima, akaomba cha pili. Alitazama ua, pale alipokuwa akifanyia mazoezi, ambapo sasa hata mbuzi walikuwa wamepahama.

"Saa hizi ndiyo ningekuwa nimesimama," akasema.

"Ndiyo, baba."

Mzee akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Kwani ni nyuzi ngapi?"

Bi Kudra akakitazama kipimajoto. "Thelathini na tisa na nusu."

Mzee alilipapasa blanketi la juu kwa kiganja, akalinyoosha mkunjo.

"Andika," akasema. "Ila usiandike kwamba mimi ndiye niliyeuliza."